Nani Ameshika Kamera? Filamu "Jane" Ikitazamwa Toka Ng'ambo Hii ya Ziwa



Toka Jane Goodall afariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, picha zake zimezunguka sana kwenye simu zetu. Munazijua: msichana mzungu mwenye kaptula, nywele amezifunga nyuma, amekaa peke yake juu ya mlima na darubini mkononi. Na chini ya picha mara nyingi mtu anaandika maneno kama haya: "Dada zangu, muone! Kama huyu aliweza kuishi ku pori, ninyi munashindwa nini?" Hilo swali njo limenifanya niandike.

Wengi wetu tunamfahamu Jane kupitia filamu inayoitwa kwa jina lake, "Jane", iliyotoka mwaka 2017. Aliyeitengeneza ni Brett Morgen, kwa ajili ya National Geographic. Ni filamu nzuri, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwa lile swali la dada zetu inatoa jibu pungufu, na kwa siye tuliosomea kilimo, misitu na mazingira, jibu pungufu lina gharama.

Ninachotaka kusema ni hiki. Ushujaa peke yake haugeuzi kazi ya porini, ya shambani ama ya ziwani kuwa kazi ya maisha ya mwanamke. Kinachoigeuza ni mpango: pesa, mahali pa kulala, mtu wa kwenda naye, chombo cha usafiri, usalama, na jina lake kuandikwa kwenye karatasi. Filamu inatuonyesha ushujaa mwingi sana, na mpango inaupitisha haraka. Bamama wa Fizi hawajakosa ushujaa hata siku moja. Walichokosa ni mpango.

Tuanze na mazuri yake. Picha nyingi za filamu zilipigwa na Hugo van Lawick, Mholanzi aliyetumwa na National Geographic kwenda Gombe mwaka 1962. Zaidi ya saa 100 za picha zake zilikaa kwenye ghala kwa miaka mingi mpaka zilipopatikana tena mwaka 2014. Ukizitazama, rangi ziko safi utafikiri ni juzi. Muziki ni wa Philip Glass. Sauti inayobeba simulizi ni ya Jane mwenyewe, akiwa mzee, anakumbuka bila haraka. Na wale sokwe, siye tunasema sokomutu, wanaonekana kama watu wenye tabia zao: David Greybeard mpole, Flo mama wa watoto wengi. Kwa mtu aliyesoma ekolojia kwa fotokopi zilizofifia, kuona kazi ya kutazama inavyofanyika, siku kwa siku, kwa subira, ni somo kubwa. Filamu inafundisha kwamba sayansi nyingi inaanza kwa kukaa chini na kunyamaza. Hilo nalikubali kabisa.

Sasa turudi kwenye ile picha ya msichana peke yake mlimani. Ujiulize swali dogo: nani ameshika kamera?

Jane alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960. Ugunduzi uliompa jina, wa sokwe kutumia kijiti kutoa mchwa kwenye kichuguu, aliufanya mwaka ule ule, mwezi wa Novemba. Hugo alifika mwaka 1962. Kwa hiyo tunaposikia sauti ya Jane akisimulia ile miezi ya kwanza, mwanamke mmoja na mlima wake, zile picha za Hugo tunazotazama ni za baadaye. Ni Jane anayepanda mlima mbele ya mwanaume mwenye kamera. Sisemi filamu inadanganya, juu kila filamu inashona vitambaa. Ila upweke ule tunaoupenda umeshonwa, na kila mshono una kitu umekificha ndani.

Umeficha nini? Kwanza, hata ile 1960 Jane hakwenda peke yake. Serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika ilikataa msichana akae porini bila mwenzake. Akaja na mama yake, Vanne. Munasikia? Kile kile ambacho wadogo zetu wanaambiwa leo, "mwanamuke hawezi kulala ku pori peke yake," yeye pia aliambiwa. Tofauti ni moja tu: hapakuishia kwenye neno. Ilitafutwa njia, mama akalipiwa safari na hema, na kazi ikaendelea. Vanne alikaa ile miezi ya mwanzo, wote wawili wakaugua malaria, na yeye akafungua kituo kidogo cha dawa kwa wavuvi wa ufuoni. Ile dawa njo ilifungua urafiki na watu wa pale. Hiyo ni kazi ya shamba kwa maana yetu kamili, na haikuitwa utafiti.

Pili, walikuwapo wapishi na waongozaji. Dominic Bandora alipika na kutunza kambi. Rashidi Kikwale na Adolf Siwezi walikuwa kati ya wale waliotembea na Jane mwanzoni kumwonyesha njia za milima ile. Tatu, kulikuwa na pesa. Louis Leakey, yule mtafiti wa mifupa ya kale wa Nairobi, alimwombea Jane fedha za miezi sita kwa mfadhili Mmarekani kabla National Geographic haijaingia. Nne, kulikuwa na boti. Kwa mtu wa Baraka sihitaji kueleza boti ni nini. Ukiwa ufuoni bila barabara, boti ni chakula, ni dawa, ni barua, ni kukimbia.

Ukijumlisha yote, msichana mmoja jasiri alizungukwa na mama, mpishi, waongoza njia, mtafuta pesa, chombo na kibali cha serikali. Filamu inataja baadhi ya hivyo. Lakini jicho linabaki kwake, na siye tunatoka tukisema "aliweza peke yake." Halafu tunamgeukia dada aliyemaliza lisansi ya agronomi, hana hata kimoja kati ya hivyo sita, na tunamwuliza anashindwa nini.

Kuna jambo lingine la kutuhusu siye watu wa ng'ambo hii. Jane na mama yake walipofika Kigoma mwaka 1960, Congo yetu ilikuwa imepata uhuru majuma machache tu, tarehe 30 Juni, na vurugu zilishaanza. Wabeljiji walikuwa wanavuka ziwa kwa wingi kukimbilia Kigoma. Safari ya Gombe ikacheleweshwa, na Jane na Vanne wakasaidia kutengeneza mikate ya wakimbizi. Kwa hiyo historia ya Gombe inaanza na Congo ikionekana kwa mbali kama mahali watu wanapotoka mbio. Baadaye siye wenyewe tulivuka maji yale yale. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na wengi munaosoma hapa mulijifunza a-e-i-o-u huko. Tunaijua Kigoma vizuri. Ila wangapi kati yetu, kwa miaka yote ile mkoani mule mule, waliwahi kuambiwa kwamba kutazama sokomutu ni kazi, na kwamba msichana anaweza kuisomea?

Tusogee kwenye jambo la diploma, sababu hapa njo panaumiza wasomi. Jane alipofika Gombe hakuwa na digrii yoyote. Alikuwa amefanya kazi ya ukatibu. Leakey alimtaka hivyo, mtu mwenye subira na macho mapya. Ni baada ya kazi ya porini kuonyesha matunda njo akapelekwa Cambridge, na akapata udaktari mwaka 1966. Kwa hiyo yeye alitoka porini kwenda kwenye diploma. Wasichana wetu wanatembea njia ya kinyume: wanapata diploma kwanza, halafu mlango wa pori unafungwa. Wanamaliza wakijua udongo, mbegu, magonjwa ya mimea, na wanaishia kuandika orodha ya waliohudhuria mafunzo.

Mimi ni mmoja wao, na nitasema kidogo tu kwa sababu si mimi peke yangu. Nilipoomba kazi ya monita wa kilimo kwenye shirika fulani, hawakuniuliza mozaiki ya muhogo inaeneaje wala namna ya kuchagua miti ya kupanda. Waliniuliza: "Ukienda Lulenge, utalala wapi?" Nikajibu kwamba nitalala pale mwanaume angelala. Wakacheka kwa upole. Kazi alipata mwenzangu wa promosheni moja, kijana mzuri, mchapakazi, sina neno naye. Mimi nikaambiwa kuna nafasi ya "dada wa kuhamasisha bamama", ya muda, bila moto.

Angalieni lile swali vizuri. "Utalala wapi" ni swali la halali kabisa. Serikali ya Tanganyika iliuliza hivyo hivyo. Shida ni kwamba kwetu linaulizwa kama hukumu, halafu faili linafungwa. Aliyeuliza ndiye mwenye bajeti, ndiye mwenye gari, ndiye anayeweza kumwandikia shefu wa kijiji na kupanga nyumba. Lakini jibu anamwachia msichana wa miaka 25 alilete mkononi.

Na huku tunabishana kama mwanamke anaweza kufanya kazi nje, nani yuko nje? Tembea asubuhi yoyote toka Baraka kwenda upande wa Fizi-centre. Saa kumi na moja bamama wako barabarani na jembe, mtoto mgongoni. Muhogo, mahindi, karanga, wao njo wanapanda, wanapalilia, wanavuna, wanabeba. Shuka ufuoni siku zisizo na mwezi, wakati wavuvi wanavua ndagala kwa taa usiku. Alfajiri mitumbwi inapofika, bamama wameshafika, wanapanga bei, wananunua, wanaanika mchangani, wanageuza, wanatazama mawingu. Mama wa ndagala anasoma hewa kuliko wengi wetu tuliopata pointi nzuri kwenye somo la hali ya hewa. Huyo yuko nje maisha yake yote. Hakuna anayemwuliza atalala wapi.

Hapa njo nafika kwenye kosa kubwa la filamu za namna hii. Zinafanya "mwanamke wa porini" awe kitu cha ajabu, na ajabu hiyo inatoka kwa mgeni. Mwanamke anayeshangaza porini ni yule ambaye hakutegemewa kuwa pale. Mama Mbembe akiwa shambani peke yake kwenye kilima hashangazi mtu, kwa hiyo hafai filamu, na kwa kuwa hafai filamu tunafikiri hana ujuzi. Njo maana monita mwanaume anafika kijijini, anaketi na baba mwenye nyumba, anamweleza namna ya kuchagua miti ya muhogo isiyo na ugonjwa, wakati mwenye kuichagua na kuipanda yuko nyuma ya nyumba anapika. Maneno yanapotea kati ya kiti na jiko. Kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba wakulima "wanashikilia mazoea ya zamani." Kuwakosa wanawake kwenye kazi ya kilimo kunawaumiza dada zetu, na pia kunaua muhogo.

Filamu ina sehemu moja ninayoipenda kuliko zote, na ni ile ambayo ushujaa unapungua. Jane aliolewa na Hugo mwaka 1964, na mtoto wao wa kiume alizaliwa mwaka 1967. Sokwe wanaweza kukamata mtoto mchanga, kwa hiyo walimjengea mahali pa kumkinga. Na Jane, yule aliyefuata sokwe toka asubuhi mpaka jioni, akaacha sehemu kubwa ya kufuatilia mikononi mwa wanafunzi na wasaidizi. Hapo filamu inasema ukweli ambao picha za Facebook hazisemi: mtoto akija, mama anahitaji watu wengine ili kazi isife. Jane alikuwa na kituo cha utafiti kilichokwisha kujengwa, wanafunzi, na jina. Kazi haikufa. Kwetu msichana akipata mimba kwenye mradi wa miezi sita, mara nyingi mkataba unamalizika kimya kimya na nafasi yake inajazwa. Wale wanaoulizwa "sasa utaolewa lini?" kwa sababu wanaendesha moto na kuvaa suruali na buti, wale wanaoitwa jike-dume sokoni, wanajua kwamba hata wakikubali kuitwa hivyo, siku ya kuzaa hakuna kituo kitakachowangoja.

Naja kwenye usalama, na hapa tuongee kama watu wazima.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kwa boti na kuingia Gombe. Walitoka kwetu. Walikuwa wa PRP ya Laurent-Désiré Kabila, ambayo maki yake ilikuwa katika milima yetu ya Fizi. Waliondoka na watafiti wanne: wasichana watatu na kijana mmoja. Mmoja wa wasichana hao, Barbara Smuts, aliachiliwa wa kwanza ili apeleke masharti. Baadaye wote waliachiliwa salama. Smuts hakuacha pori: alikwenda Kenya kusoma tabia za nyani, na kitabu chake cha mwaka 1985 kinatajwa hata leo. Gombe nayo ilifungwa kwa wanafunzi wa kigeni kwa muda mrefu, na kazi ya kila siku ya kutazama na kuandika ilibaki mikononi mwa wasaidizi Watanzania, watu kama Hilali Matama. Takwimu za Gombe hazikukatika kwa sababu ya watu ambao wengi wetu hatujawahi kuona picha zao.

Kwa nini naleta habari hii? Kwa sababu mtu akisema "Fizi ni hatari kwa msichana," hasemi uongo, na sitaki mtu afikiri nadharau hatari. Kila mmoja wetu ana ndugu aliyeguswa. Lakini hatari ile ile ya njiani inampata mama anayekwenda shambani, na hakuna anayemkataza kwenda, sababu tunahitaji kula. Hatari inakuwa sababu ya kumzuia mwanamke pale tu kunapokuwa na mshahara.

Na tunaye shujaa wetu hapa hapa nchini. Tarehe 11 Mei 2018, katika hifadhi ya Virunga, mlinzi Rachel Masika Baraka aliuawa akilinda watalii wawili wa Uingereza na dereva wao. Alikuwa na miaka 25. Alikuwa mmoja wa walinzi wanawake 26 wa Virunga wakati ule, katika kikosi cha walinzi mamia kadhaa. Watalii na dereva walitekwa na kuachiliwa baada ya siku mbili. Yeye hakurudi. Simtaji ili kutisha wadogo zetu. Namtaja kwa sababu alikuwa na vitu ambavyo ile picha ya mlimani haionyeshi: mafunzo, sare, silaha, wenzake, mshahara, cheo. Alikufa kazini kama mtu wa kazi, na taifa linapaswa kumkumbuka hivyo. Yule anayesema mwanamke wa Congo hawezi kazi ya pori amejibiwa tayari, na jibu limelipiwa bei kubwa mno.

Kama munataka filamu ya kulinganisha na "Jane", tafuteni "Taking Root" ya mwaka 2008, ya Lisa Merton na Alan Dater, juu ya Wangari Maathai na harakati ya Green Belt aliyoianzisha Kenya mwaka 1977. Si nzuri kwa macho kama "Jane". Haina rangi zile wala muziki ule. Lakini ndani yake wanawake wa vijijini wanaongea kwa midomo yao. Wangari alikuwa na udaktari, wa kwanza kwa mwanamke wa Afrika Mashariki na Kati, na hakutumia udaktari wake kujitenga nao. Mabwana misitu walipodai kwamba kupanda miti kunahitaji diploma, yeye alisema mwanamke anayejua kupanda maharagwe anaweza kuotesha mti. Kila mche ulioshika ulilipiwa kiasi kidogo. Kiasi kidogo, sawa, na mtu anaweza kusema hiyo bado si kazi ya maisha, na nitakubaliana naye. Lakini angalieni mwelekeo: kamera imegeuzwa kwa mwenye jembe, mkono wake umeitwa ujuzi, na ujuzi umewekewa bei. "Jane" inatupa nyota moja. "Taking Root" inatupa kitalu.

Mtu atasema: "Lakini Jane alifungua mlango, hata Wangari alikuta dunia imezoea kuona mwanamke porini." Ni kweli kwa sehemu, na simnyang'anyi marehemu sifa yake. Alifanya kazi kwa miaka mingi kuliko umri wetu, na uzeeni alizunguka dunia akitetea misitu. Ninachopinga ni namna tunavyomtumia. Tunamtumia kama fimbo ya kuwapiga wasichana wasio na mpango, badala ya kumtumia kama hesabu ya kuwadai wenye bajeti.

Na hesabu hiyo inakuja kwetu hivi karibuni. Milima yetu ina sokomutu pia. Hifadhi ya Itombwe, iliyoanzishwa mwaka 2006, inagusa teritware yetu, na hifadhi ya Ngandja ilitangazwa mwaka 2016 huku huku Fizi. Kutakuwa na kazi za kulinda, kupima, kuotesha miche, kukaa na wakulima wa pembezoni, kupunguza ugomvi kati ya shamba na msitu. Nafasi hizo zikitangazwa, ile sentensi ya mwisho, "wanawake wanahimizwa kuomba," isitutoshe. Kuhimizwa hakuna kitanda. Tudai yanayoonekana: nyumba ya kulala iliyopangwa kijijini na kulipwa na mradi, kutumwa wawili wawili, mafunzo ya moto kwa wasichana kabla ya mkataba, sababu wavulana wengi walijifunza kwa moto ya kaka, buti za namba 37 na 38, si 43 tu, boti yenye jaketi la kuokolea kwa wanaokwenda Ubwari, ruhusa ya uzazi iliyoandikwa, na mama wa kijiji anayefundisha wenzake kuchagua mbegu alipwe kama mwalimu, jina lake lionekane kwenye ripoti.

Hata siye wenyewe kwenye jumuiya yetu tuna kazi. Wasimamizi wa memware, muwape wasichana mada za shambani, si za maktaba tu, na muwapangie mahali pa kufikia. Wavulana wa promosheni, mukiulizwa kwenye mahojiano "huyu dada atalala wapi?", musicheke. Mujibu: "Mumpangie." Na wasichana, mukienda kwenye mahojiano, mwende na bajeti ya malazi imeandikwa kwenye karatasi. Si haki kwamba ni ninyi wa kuiandika, lakini karatasi iliyo mezani ni vigumu kuicheka.

Kwa filamu yenyewe, hukumu yangu ni hii: itazameni. Ni dakika 90 hivi, na inafundisha subira kuliko masomo mengi tuliyolipia. Ila mukiitazama, mufanye kama mtu anayekagua stoo. Kila Jane anapoonekana peke yake, muhesabu: nani amepika leo? Nani ameleta mafuta ya boti? Nani amelipa? Nani analea mtoto? Nani ameshika kamera? Muandike majibu pembeni. Halafu muniambie hapa chini, kwa kijiji chenu, ni vitu vingapi kati ya hivyo tayari vipo, na kile kinachokosekana kiko mikononi mwa nani.